Pampu nne, benki tatu: uchambuzi wa kisa cha kituo cha maji nchini Syria chini ya vikwazo

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kituo kimoja cha kusukuma maji kandokando ya mto Frati, nchini Syria, kilichokarabatiwa na shirika la misaada la Ulaya kuanzia 2019. Majina ya mji, shirika, mfadhili na kiwanda yameondolewa, na tarakimu za mradi zimezungushwa ili asijulikane mtu. Tarehe za sheria na za matukio ya nchi nimeziacha kama zilivyo, kwa kuwa bila hizo kisa hakieleweki.

Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo linalopitwa juu juu katika mijadala ya vikwazo. Watu hubishana kama sheria inaruhusu au inakataza pampu ya maji. Hapa sheria iliiruhusu tangu mwanzo hadi mwisho, na karatasi zake zipo. Hata hivyo pampu zilichukua zaidi ya miaka miwili kufika, na zilipofika hazikuwa zile zilizoagizwa. Waliozizuia ni watu waliokaa kati ya sheria na mto: maofisa wa benki, wanasheria wa kiwanda, kampuni za bima. Hakuna hata mmoja wao aliyeamriwa kuzizuia. Na zilipowekwa kituoni, hazikutosha, kwa sababu wafadhili walikuwa wamechora mstari kati ya kukarabati na kujenga upya.

Usuli: vikwazo vyenyewe

Vikwazo juu ya Syria vilirundikana kwa tabaka. Marekani iliiweka nchi hiyo kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi mwaka 1979. Mwaka 2004 ilizuia karibu bidhaa zake zote kupelekwa huko, isipokuwa chakula na dawa. Agosti 2011, baada ya serikali ya Bashar al-Assad kuanza kuwapiga risasi waandamanaji, agizo la rais wa Marekani lilifungia mali za serikali ya Syria na kupiga marufuku Wamarekani kutoa huduma nchini humo. Umoja wa Ulaya uliacha kununua mafuta ya Syria Septemba 2011, ukafungia mali za Benki Kuu Februari 2012, na ukakataza kampuni zake kushiriki katika ujenzi wa mitambo mipya ya kuzalisha umeme. Kisha ikaja sheria ya Marekani iitwayo Caesar, iliyosainiwa Desemba 2019 na kuanza kutumika tarehe 17 Juni 2020. Hiyo ilimfikia hata asiye Mmarekani: kampuni ya nchi yoyote iliyoipa serikali ya Syria huduma kubwa za ujenzi au uhandisi ingeweza kuwekewa vikwazo yenyewe.

Sababu za vikwazo hivyo hazikuwa za kubuni. Caesar lilikuwa jina la siri la mpigapicha wa jeshi aliyetoroka na maelfu ya picha za watu waliofia mikononi mwa vyombo vya usalama vya Assad. Anayechambua madhara ya vikwazo bila kuitaja serikali iliyopiga mabomu miji yake mwenyewe anasimulia nusu ya habari, na nusu hiyo inaumiza waliofiwa.

Jambo moja la muundo ni muhimu kwa kisa chetu. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halikuwahi kuiwekea serikali ya Syria vikwazo vya kiuchumi. Urusi na China zilikuwa na kura ya turufu. Kwa hiyo hapakuwa na mlango mmoja wa kubisha. Irak, baada ya vita vya 1991, mlango ulikuwepo: kamati iliyoundwa kwa azimio namba 661, iliyopokea maombi ya kuingiza bidhaa na kuyaidhinisha au kuyaweka kando. Mlango ule ulikuwa mgumu, na pampu na vipuri vya maji vilikaa pale miezi mingi, lakini mwombaji alijua faili lake liko wapi. Kwa Syria kulikuwa na sheria za Washington, za Brussels, za London na za nchi nyingine kadhaa, kila moja na misamaha yake, na juu ya zote sera za ndani za kila benki, ambazo hazichapishwi popote.

Mwisho, kulikuwa na msimamo wa wafadhili. Aprili 2017 Umoja wa Ulaya ulitangaza kwamba ungesaidia kuijenga upya Syria pale tu mpito wa kisiasa wa kweli utakapokuwa umeanza. Marekani ilishika njia hiyohiyo. Misaada ya dharura iliendelea, na baadaye kazi ndogondogo za kurejesha huduma. Kujenga upya kulikatazwa.

Usuli: kituo

Kituo kilijengwa miaka ya 1980 kikiwa na pampu nne: tatu za kazi na moja ya akiba. Kilikuwa kikihudumia zaidi ya watu laki moja. Vita vilipoisha katika eneo hilo na serikali kurudi, pampu moja ilikuwa inafanya kazi, ya pili ikitetemeka kiasi kwamba mafundi waliiwasha kwa zamu fupi, ya tatu imepigwa na kombora, na ya nne imenyofolewa shaba yote ndani ya mota. Paneli za umeme zilikuwa maganda matupu. Watu walinunua maji kwenye maboza, na waliokosa pesa walichota mtoni.

Kituo ni mali ya mamlaka ya maji, yaani mali ya serikali. Jambo hilo dogo la umiliki ndilo lililozaa maswali mengi ya baadaye.

Mwaka wa kwanza: leseni na kifaa kimoja

Mradi uliandikwa mapema 2019. Pampu mbili zingenunuliwa mpya, moja ingefanyiwa matengenezo makubwa, paneli zote zingebadilishwa. Mfadhili alikubali kwa sharti moja: uwezo wa kituo usizidi ule wa kabla ya vita, na kusijengwe kitu ambacho hakikuwepo. Pia umeme wa kufika kituoni uliachwa nje ya mradi, kwa hofu kwamba ungesomeka kama kujenga gridi ya serikali.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wanunue wapi. Afisa ununuzi alipendekeza kiwanda cha Ulaya kilekile kilichotengeneza pampu za awali. Sababu zake zilikuwa za kiufundi: misingi ya saruji, mashimo ya boliti na flanji (pete za kuunganishia) za mabomba vyote vilikuwa vya kipimo cha kiwanda hicho, na mafundi wa kituo waliijua mitambo hiyo kwa miaka thelathini. Ulikuwa uamuzi mzuri, na kiwanda kilikubali kwa furaha.

Upande wa leseni, kazi ilikuwa ya uvumilivu tu. Kwanza ilibidi kuthibitisha kwamba pampu hazikuwa na vipuri vya Marekani vinavyodhibitiwa vinavyozidi asilimia 10 ya thamani yake, kwani juu ya hapo bidhaa ya Ulaya inayoelekea Syria ingehesabiwa kuwa chini ya sheria ya Marekani. Kiwanda kilipitia kila beringi na kila kihisi joto na kutoa cheti. Kisha mamlaka ya nchi kiliko kiwanda ikatoa barua ya kutokuwa na pingamizi.

Kilichokwama ni kifaa kimoja: kidhibiti mwendo wa mota. Kifaa hiki hubadili masafa ya umeme ili mota ianze polepole na kuongeza kasi kadiri inavyohitajika. Vifaa vya jamii hiyo vinavyoweza kutoa masafa ya hezi 600 na kuendelea hudhibitiwa kimataifa, kwa kuwa vinaweza kuendesha mashine za kurutubisha urani. Pampu ya maji haihitaji zaidi ya hezi 50. Lakini modeli iliyochaguliwa ilikuwa na kikomo kilichowekwa na programu, na afisa wa leseni alitaka hakikisho la maandishi kwamba kikomo hicho hakiwezi kufunguliwa. Kampuni iliyotengeneza kifaa, ambayo ilikuwa nyingine kabisa, haikutaka kusaini karatasi yoyote yenye neno Syria.

Shirika likaamua kukitoa kifaa hicho kwenye oda na kutumia viwashio vya kawaida vya star-delta, vinavyoiwasha mota kwa hatua mbili. Leseni ilikamilika wiki chache baadaye. Nauelewa uamuzi huo, na wakati ule ulionekana wa busara. Lakini gharama yake haikufutika, ilihamia kwingine. Mota kubwa inayowashwa bila kidhibiti huvuta umeme mwingi sana katika sekunde za kwanza, hata kwa star-delta. Gridi iliyochoka haiwezi kuhimili mshtuko huo, na jenereta ya kuihimili lazima iwe kubwa kuliko ambayo mota ingehitaji ikishazunguka. Jenereta kubwa hunywa dizeli nyingi. Na dizeli ndiyo bidhaa ambayo Syria, iliyokatiwa soko la mafuta na kutegemea shehena za Iran iliyokuwa chini ya vikwazo nayo, ilikuwa ikiikosa zaidi.

Benki

Leseni zikiwa mkononi, mhasibu wa shirika alituma malipo ya awali kwenda kiwandani. Fedha zilikuwa zinatoka nchi moja ya Ulaya kwenda nyingine, kwa euro, na hazikuwa zinakaribia Damascus hata kidogo. Lakini ankara ilitaja mahali mzigo unakokwenda.

Benki ya kwanza, ya shirika lenyewe, iliyazuia malipo na kutuma orodha ya maswali. Mengi yalikuwa ya haki: nani mtumiaji wa mwisho, nani anamiliki ardhi, mkandarasi ni nani na wakurugenzi wake ni akina nani. Moja liliuliza kama kuna kambi ya jeshi inayopata maji kutoka mtandao huo. Mhandisi wa mradi alisema ukweli: bomba hupita mji mzima, na palipo na mji wa Syria pana askari. Jibu hilo liliongeza miezi miwili. Sioni jibu lingine ambalo mtu mwaminifu angelitoa, na nadhani hapa ndipo unyonge wa mfumo mzima unapoonekana. Maji ya bomba hayana namna ya kumruka mtu. Kutaka uthibitisho kwamba hayatamfikia yeyote aliye upande wa serikali ni kutaka mji usiwe na maji.

Hatimaye benki ya kwanza ilizituma fedha. Benki ya pili, ya kiwanda, ikazirudisha. Haikutoa sababu zaidi ya kusema kwamba miamala inayohusu nchi hiyo iko nje ya kiwango chake cha hatari. Barua ya mamlaka, cheti cha asilimia 10 na msamaha wa misaada ya kibinadamu vyote viliambatishwa, na benki haikubisha kwamba vilikuwa halali. Haikuona tu faida. Ada ya kupokea malipo hayo ilikuwa euro chache, wakati adhabu za Marekani kwa benki zilizokiuka vikwazo zilikwishafika mabilioni: BNP Paribas ilikubali kulipa karibu dola bilioni 9 mwaka 2014, kwa miamala iliyohusu Sudan, Iran na Cuba. Ofisa wa benki mwenye picha hiyo kichwani hahitaji sheria imkataze.

Benki ya tatu ilikuwa Beirut. Kwa miaka mingi Lebanon ilikuwa ukumbi wa mbele wa uchumi wa Syria. Wakandarasi wa Syria waliweka dola zao huko na mashirika yaliwalipa huko. Shirika letu lilihamishia Beirut sehemu ya fedha za kazi za ujenzi mnamo Septemba 2019. Oktoba maandamano yalizuka, benki za Lebanon zikafunga milango kwa wiki mbili, na zilipofungua hazikutoa tena dola isipokuwa kwa kipimo kidogo. Fedha za mradi zilinaswa pamoja na akiba za mamilioni ya watu. Baadhi hazijarudi mpaka leo.

Janga hilo halikusababishwa na vikwazo, na ni muhimu kulisema wazi. Lakini vikwazo ndivyo vilivyowafanya wote wapite kwenye daraja lile moja.

Kiwanda kinajitoa

Mwishoni mwa Juni 2020, siku chache baada ya sheria ya Caesar kuanza kutumika, kiwanda kiliandika kujitoa. Barua ilikuwa ya heshima. Ilikiri kwamba leseni ni halali na kwamba sheria mpya ina msamaha kwa kazi za kibinadamu. Ikaeleza kwamba kampuni ina soko kubwa Marekani, kwamba kampuni ya bima imekataa kuendelea kubeba mzigo huo, na kwamba bodi haiwezi kuweka yote hayo rehani kwa ajili ya pampu mbili. Mkataba haukuwa na kifungu cha adhabu kwa kujitoa kwa sababu ya vikwazo. Mwanasheria wa kiwanda alikuwa amekiondoa mwanzoni na hakuna aliyebisha.

Shirika lilibaki na njia tatu. Kwanza, kusubiri kiwanda kingine cha Ulaya na kuanza leseni upya. Pili, kurudisha fedha kwa mfadhili. Tatu, kununua kwa mwagizaji wa ndani ya Syria, aliyekuwa tayari kuleta pampu za Asia kwa bei iliyokaribia mara mbili, bila dhamana ya kiwanda. Walichagua ya tatu. Hoja iliyoshinda ilitoka kwa mhandisi wa kituo: pampu iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa inakaribia mwisho wake, na ikifa yeye hana pa kuanzia.

Mwagizaji hakuwa kwenye orodha yoyote ya vikwazo, hilo lilihakikiwa. Lakini uwezo wa kupitisha mzigo bandarini na kupata kibali cha fedha za kigeni hakuupata kwa akili ya biashara peke yake. Kadiri wauzaji wa kawaida walivyojitoa, ndivyo wachache wenye majina makubwa nyuma yao walivyobaki sokoni peke yao na kupanga bei. Bei ile iliyokaribia mara mbili ililipwa na walipakodi wa Ulaya, na sehemu yake iliishia karibu na watu ambao vikwazo vilikusudia kuwanyima.

Kulikuwa na uvujaji mwingine, wa thamani ya sarafu. Kazi za ndani zililipwa kwa pauni ya Syria, na shirika lililazimika kubadili dola kwa kiwango rasmi. Kuanzia Juni 2020 kiwango hicho kilikuwa pauni 1,256 kwa dola. Machi 2021 soko la mitaani lilipita 4,000. Mkandarasi alinunua saruji na nyaya kwa bei ya soko, kwa hiyo kila dola ya mradi ilifanya kazi ya chini ya theluthi ya dola. Kitendo hiki kilikuwa cha serikali ya Damascus. Mtu anayetaka kuona vikwazo vikiwa chanzo cha kila kitu atajikwaa hapa.

Pampu zinafika, mto unashuka

Pampu zilifika Aprili 2021. Flanji hazikulingana na mabomba. Karakana moja ya mjini, yenye mashine ya kukereza chuma ya zamani kuliko vita, ilichonga vipande vya kuunganishia kutokana na chuma cha mabaki, na mafundi wa kituo wakamwaga misingi upya. Kazi hiyo ilifanywa kwa wiki tatu na haijavuja. Ndiyo sehemu pekee ya mradi iliyokamilika kabla ya muda wake.

Kisha mto ukashuka. Kiangazi cha 2021 ukame pamoja na upungufu wa maji yanayotoka Uturuki vilishusha kina cha Frati kiasi kwamba vituo vingi vya kando ya mto vilianza kunyonya hewa. Mdomo wa bomba la kituo chetu, uliopangwa kwa mto wa miaka ya 1980, ulibaki sentimita chache tu chini ya uso wa maji, na siku nyingine ukabaki nje. Pampu mpya zilizimwa ili zisiungue.

Suluhisho lilikuwa rahisi kulichora: kurefusha bomba la kunyonya mita kadhaa kuelekea katikati ya mto na kuliweka juu ya jukwaa linaloelea. Fedha zilikuwepo, kutokana na akiba ya mradi. Lakini jukwaa halikuwepo kabla ya vita. Mfadhili alijibu kwamba hilo ni jengo jipya, na likapelekwa kwa wanasheria wake.

Lilikaa kwao mwaka mzima. Tarehe 10 Septemba 2022 Wizara ya Afya ya Syria ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na wataalamu walielekeza kidole kwenye maji machafu ya Frati yanayonywewa bila kutibiwa. Idhini ya jukwaa ilitoka kabla ya mwezi kuisha. Hakuna sheria iliyobadilika kati ya Agosti na Septemba. Mchoro ulikuwa uleule.

Matokeo

Jukwaa liliwekwa mwishoni mwa 2022. Pampu tatu zinafanya kazi. Ya nne haikuwahi kufufuka, kwa sababu fedha zake zilimezwa na tofauti ya bei. Maji yanayotoka kituoni ni safi, na maboza yamepungua sana mitaa ya karibu.

Lakini kituo husukuma pale tu umeme unapokuwepo, na kwa miaka hiyo ulikuwepo saa chache kwa siku. Mitaa ya mwisho wa mtandao hupata maji siku moja kati ya kadhaa, kwani pampu hazizunguki muda wa kutosha kujaza tangi la juu. Jenereta kubwa ipo na huwashwa dizeli ikipatikana.

Baada ya tetemeko la tarehe 6 Februari 2023, Marekani ilitoa leseni ya jumla ya siku 180 iliyoruhusu miamala ya kusaidia waathirika. Shirika likaiuliza benki yake kama sasa ingekubali malipo ya vipuri. Benki ilijibu kwamba sera yake haijabadilika. Hata ingekubali, siku 180 ni chache kuliko muda wa kuagiza, kutengeneza na kusafirisha pampu kubwa.

Assad aliangushwa tarehe 8 Desemba 2024. Vikwazo vikaanza kufunguliwa mwaka uliofuata: Umoja wa Ulaya uliondoa vya kiuchumi Mei 2025, Marekani ikafuta mpango wake mkuu kwa agizo la Juni 30, na sheria ya Caesar ikafutwa Desemba 2025. Juni mwaka huohuo Benki ya Dunia iliidhinisha msaada wa dola milioni 146 kwa ajili ya umeme wa Syria, baada ya Saudi Arabia na Qatar kulipa deni la nchi hiyo kwake. Baadaye benki hiyo ilikadiria gharama za ujenzi mpya wa nchi kuwa karibu dola bilioni 216.

Uchambuzi

Kosa kubwa la mradi lilikuwa mpangilio wa hatua. Shirika lilianza na mahitaji, likaenda kwenye zabuni, kisha leseni, na mwisho benki. Benki ndiyo ilikuwa sehemu nyembamba kuliko zote, na iliulizwa ya mwisho. Laiti benki ya shirika na ya kiwanda zingetakiwa kutoa msimamo kwa maandishi kabla ya mkataba, karibu mwaka mzima ungeokolewa, au angalau ungetumika kutafuta muuzaji ambaye benki yake inakubali. Kifungu cha kujitoa nacho kilihitaji kupiganiwa. Pengine kiwanda kisingekubali adhabu kamili, lakini hata sharti la kukabidhi michoro na vipimo lingewaepusha mafundi na kazi ya kubahatisha flanji.

Kuhusu kidhibiti mwendo, ningelisubiri hakikisho, au ningelitafuta modeli ambayo kikomo chake kimo ndani ya maumbile ya kifaa. Najua ni rahisi kusema hivyo sasa. Lakini kifaa kile kilichukuliwa kama kipuri cha starehe, wakati kwenye nchi isiyo na umeme wa uhakika ndicho kilichokuwa na thamani kuliko pampu yenyewe.

Kilichofanya kazi vizuri ni uaminifu katika karatasi na ustadi wa mafundi. Kila jibu lililotolewa kwa benki lilikuwa la kweli, hata lile la askari, na kwa sababu hiyo shirika halikupoteza leseni hata moja. Na karakana ya mjini ilifanya kwa mashine moja ya kukereza kile ambacho mlolongo wa ununuzi wa nchi nne ulishindwa.

Mstari kati ya kukarabati na kujenga upya unahitaji kuhukumiwa kwa ukali zaidi, na hapa lawama si za shirika. Nia yake inaeleweka: hakuna aliyetaka kumpa Assad miji mipya ya kukata utepe. Lakini mto haukubaki pale ulipokuwa kabla ya vita, wala watu hawakubaki walipokuwa. Kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa 2010 kulimaanisha kutumia fedha halisi kwenye kituo kisichofikia maji. Kipimo kilichotumika kilikuwa kama kitu kilikuwepo zamani. Kipimo ambacho kingewasaidia watu bila kuitajirisha serikali ni nani anafaidika nacho na nani anakidhibiti. Jukwaa linaloelea halimfaidishi jenerali yeyote.

Kutenga maji na umeme kulikuwa na athari hiyohiyo. Mashirika kadhaa yalikarabati vituo vya maji kwenye mto huo kwa miaka ileile, kila moja likiwa na mfadhili wake na kila moja likiacha umeme nje kwa hofu moja. Ombi la pamoja la kukarabati njia ya umeme inayohudumia vituo tu lilijadiliwa mara moja kwenye kikao cha uratibu na halikuandikwa kamwe. Kila shirika lilidhani jingine lingeulizwa maswali machache zaidi.

Kwa upande wa wanaoweka vikwazo, kisa hiki kinaonyesha kwamba msamaha ulioandikwa ndani ya sheria haumfikii anayeuhitaji usipofika benki. Ofisi ya leseni ilifanya kazi yake kwa miezi. Hakuna mtu wa serikali yoyote aliyewahi kuipigia simu benki ya pili na kuiambia kwamba muamala huu tunaujua na hatutawaadhibu. Njia ya malipo iliyoidhinishwa waziwazi, hata moja tu, yenye benki iliyotajwa kwa jina, ingefanya zaidi ya kurasa mia za maelezo. Na misamaha ya muda mfupi ijue urefu wa kazi ya kujenga: mtengenezaji wa mitambo hapokei oda ambayo ruhusa yake itakwisha kabla mzigo haujatoka kiwandani.

Mwishoni mwa 2025 shirika lilitangaza zabuni ya pampu ya nne, ikiwa na kidhibiti mwendo. Kiwanda kilekile cha Ulaya kilileta bei. Safari hii sharti la kwanza la zabuni, kabla ya bei na kabla ya vipimo, ni barua ya benki ya muuzaji inayosema kwamba itapokea malipo ya mzigo unaokwenda Syria. Kiwanda kimeomba kuongezewa muda wa kuipata.